Sura ya Nne: Kibaba, Gorogoro na Mizani

Mahindi yaliyovunwa Trans Nzoia yakaletwa Nairobi hubadilishiwa kipimo mara kadha kabla ya kuwa ugali mezani, na katika kila badiliko hupotea kitu kisionekane. Wafanyi biashara wa jumla wa Nyamakima, pale katikati ya mji ambapo maduka ya nafaka yamepangana ubavu kwa ubavu, huyapokea kwa gunia la kilo 90, ambalo ni kipimo cha uzani. Muuza nafaka wa Kangemi au wa Kawangware, akiisha kununua gunia lake, hulifungua akaliuza kwa gorogoro, ambayo ni kipimo cha ujazo. Kinu kikubwa, ambacho nacho kilinunua kwa uzani, huyasaga na kuyafunga katika pakiti ya kilo 2, na hapo tumerudi katika uzani. Naye mpishi, akiisha kukata mdomo wa pakiti hiyo, huchota kwa kikombe kana kwamba mizani haikupata kuwako. Sura hii yakusudia kueleza jinsi ya kuvuka kutoka ujazo kwenda uzani bila kudhulumu wala kudhulumiwa, na kwa nini hesabu ya mtu wa mbali haiwezi kutosha katika kuvuka huko.

Kwa mpishi wa mchuzi jambo hili halina madhara makubwa, maadamu mchuzi huonjwa ungali motoni: chumvi ikipungua huongezwa, na maji yakizidi huachwa yakakauka. Lakini mwenye kupika keki, mkate, mahamri au chapati hana nafasi hiyo, kwani unga ukiisha kukandwa na kuingia motoni, lililozidi limezidi na lililopungua limepungua, wala hapana mwiko uwezao kulirekebisha. Kwa hiyo maneno mengi yatakayofuata yanamhusu mpishi wa unga kuliko mpishi wa sufuria, ingawa mwenye kununua nafaka sokoni naye atapata fungu lake.

Ujazo ni kadiri ya nafasi ambayo kitu hukalia, na uzani ni kadiri ya kitu chenyewe. Maji ndiyo yaliyofanywa kiungo baina ya viwili hivyo, kwa kuwa wataalamu wa Ufaransa walioasisi vipimo vya metriki mwishoni mwa karne ya 18 walikusudia lita moja ya maji iwe kilo moja, na hata leo, kwa matumizi ya jikoni, mililita moja ya maji ni gramu moja. Laiti vyakula vyote vingekuwa mfano wa maji, kazi yetu ingekwisha hapa. Lakini mafuta ni mepesi kuliko maji, na ndiyo sababu huelea juu ya mchuzi. Asali ni nzito kuliko maji, na ndiyo sababu huzama chini ya kikombe cha chai isiyokorogwa. Na vitu vikavu, kama unga, mchele na maharagwe, havijazi chombo peke yake, bali hukijaza pamoja na hewa iliyokaa baina ya chembe na chembe. Kikombe cha maharagwe, kwa hakika, ni kikombe cha maharagwe na hewa, na hewa hiyo huongezeka au hupungua kwa ukubwa wa chembe, kwa namna chombo kilivyojazwa, na kwa kutikiswa au kutotikiswa kwake.

Wazee wa pwani waliyajua mambo haya vyema. Vibaba viwili vilikuwa kisaga, visaga viwili vilikuwa pishi, na pishi sitini zilikuwa jizla. Hiyo ndiyo ngazi ya ujazo, nayo ilitumika kwa nafaka. Ngazi ya uzani ilikuwa mbali, ya wakia, ratili na frasila, na frasila moja ilikuwa ratili 35 au karibu yake, yaani kilo 16 hivi. Kwa ngazi hiyo walipima pembe, karafuu na sandarusi. Fauka ya hayo, walitofautisha kibaba cha mfuto, ambacho nafaka yake hufutwa juu ikalingana na ukingo, na kibaba cha tele, ambacho hurundikwa mpaka punje isishike tena. Mpagazi wa misafara ya bara aliyepewa kibaba cha nafaka kwa siku kuwa posho yake hakuwa na haja ya kuuliza kibaba hicho kina wakia ngapi. Alichohitaji kujua ni kama ni cha mfuto au cha tele, na hilo aliliona kwa macho yake. Haki ya kipimo cha ujazo imejengwa juu ya msingi huo: mwenye kutoa na mwenye kupokea wamesimama mbele ya chombo kimoja, wote wawili wakikitazama. Maadamu wako pamoja, mizani haina la kuongeza. Matata huanza pale neno la kipimo linaposafiri na chombo chenyewe kikabaki nyuma.

Mfano ulio bayana tunao kila mwaka, unapokaribia mwisho wa Ramadhani, wakati waumini wa Nairobi, na miongoni mwao wanaosali katika Msikiti wa Jamia uliojengwa katikati ya mji kati ya 1925 na 1933, wanapotakiwa kutoa zaka ya fitri. Kipimo kilichowekwa tangu zama za Mtume ni pishi moja ya chakula, nayo ni vibaba vinne, na kibaba kimoja kikakadiriwa kuwa ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani vilivyokutanishwa. Chakula chenyewe chaweza kuwa tende, shayiri, ngano au mchele. Sasa dukani mchele huuzwa kwa kilo, na muumini anataka kujua kilo ngapi. Wanazuoni walipoigeuza pishi hiyo kuwa uzani, wako waliopata kilo 2 na ziada ndogo, wako waliosema kilo 2 na nusu, na wako waliofika kilo 3 kwa kuchukua hadhari. Asiyejua hudhani kuwa wamekhitilafiana katika dini, ilhali sehemu kubwa ya khitilafu hiyo ni ya hesabu tuliyoitaja: pishi ya tende, pishi ya shayiri na pishi ya mchele zikiwekwa mizanini hazilingani, na viganja vya watu wawili havilingani pia. Aliyechukua kilo 3 amehakikisha kuwa maskini hakupunjwa kwa nafaka yoyote, na hiyo ni njia ya busara ambayo mpishi hana, kwa sababu katika keki ziada nayo ni kosa.

Gorogoro ya Nairobi ni pishi ya bati. Asili yake ni mkebe uliokuwa na kilo 2 za mafuta ya kupikia, Kimbo, Kasuku na mengineyo ya namna hiyo, nao mafuta yakiisha ulioshwa ukaanza maisha ya pili sokoni. Hebu tufanye hesabu yake. Mafuta ya namna hiyo yana uzani wa gramu 91 hivi kwa kila mililita 100, kwa hiyo kilo 2 zake zilihitaji nafasi ya lita 2 na robo, au pungufu kidogo. Mahindi makavu, pamoja na hewa iliyo baina ya punje zake, huwa kama gramu 720 kwa lita. Mkebe ule ule ukijazwa mahindi kwa mfuto hubeba basi kilo 1 na gramu 600 hivi. Ndengu hukaribia kilo 1 na gramu 900. Unga wa ngano usioshindiliwa hauzidi sana kilo 1 na robo. Zile kilo 2 zilizochapwa ubavuni mwa mkebe zilikuwa kweli kwa mafuta peke yake, na kila kitu kingine kikitiwa humo hukanusha maandishi hayo kwa kadiri yake. Ndiyo maana muuzaji mwadilifu wa mahindi hapimi kwa mfuto, bali hupima kwa tele, na kile kichuguu kilichosimama juu ya ukingo ndicho kinachoivuta gorogoro iikaribie kilo 2 ambazo mnunuzi anaamini amezilipia.

Tazama mikono ya mwanamke auzaye nafaka katika soko la Kawangware. Huuzamisha mkebe ndani ya gunia, akauinua ukiwa umefurika, kisha huweka kiganja cha mkono wa kushoto ukingoni kikawa kama ukuta, na kwa mkono wa kulia akaongeza ndengu nyuma ya ukuta huo mpaka zianze kuteremka zenyewe. "Ongeza kidogo, mama," husema mnunuzi, ambaye amekwisha kuona kuwa pameongezwa. "Hii imejaa, dada, si unaona inamwagika?" hujibiwa, lakini mkebe ukiisha kumiminwa katika mfuko, konzi moja ya juu hufuata bila ya maneno, kwani bila hiyo mteja hatarudi. Hapo kipimo kimekuwa mapatano baina ya watu wawili, na konzi ile ya mwisho haimo katika jedwali lolote. Wapo pia wauzaji wasio na adili, ambao huigonga mikebe yao kitako mpaka chuma kikaingia ndani, na mkebe ukitazamwa kwa juu huonekana mzima. Mnunuzi mwerevu hupitisha vidole chini ya mkebe kabla ya kuuliza bei. Sheria ya Mizani na Vipimo, ambayo ni sura ya 513 ya sheria za Kenya, na wakaguzi wanaozunguka kuzipiga muhuri mizani za biashara, wapo kwa ajili ya kumlinda mtu huyu. Walakini vidole vyake viko karibu zaidi.

Tuondoke sokoni twende jikoni, na hapana safari ndefu, kwa kuwa Kawangware na Lavington zinapakana. Mpishi wa Lavington mwenye jiko la tanuri, au kijana wa Kangemi aliyeanza kuoka keki za kuuza, aghalabu hutumia mapishi yaliyoandikwa ng'ambo, na mapishi ya Marekani hutaja vikombe. Desturi hiyo iliimarishwa na Fannie Farmer, mwalimu wa upishi wa Boston, ambaye katika kitabu chake cha 1896 alishikilia kwamba kila kikombe na kila kijiko kifutwe juu kikawa sawa na ukingo. Maana yake ni kwamba aliwafundisha Wamarekani kipimo cha mfuto, ambacho Lamu na Mombasa kilikuwa na jina lake tangu zamani. Kikombe hicho cha Marekani ni mililita 237. Kikombe cha metriki, kinachotumika Australia na ambacho huonekana pia katika seti za plastiki zinazouzwa madukani mwetu, ni mililita 250. Waingereza wa zamani walihesabu kikombe kuwa nusu ya painti yao, ambayo ni mililita 284. Na kikombe cha chai kilichoangikwa jikoni kwako hakikupata kuahidi lolote. Chaweza kuwa 180, chaweza kuwa 300.

Nairobi imekuwa na mapishi ya kigeni tangu siku za ukoloni. Mwaka 1928 chama cha akina mama wa Kanisa la St Andrew's, ambalo liko hadi leo pembeni mwa mji, kilitoa kitabu cha mapishi na mambo ya nyumba kwa ajili ya walowezi wa Kenya, nacho kikawa na sehemu ya Kiswahili cha jikoni ili mwenye nyumba apate kumwagiza mpishi wake. Maagizo yaliweza kufasiriwa, lakini kikombe hakifasiriki. Mpishi aliyezoea kikombe cha nyumba moja, akihamia kazi katika nyumba nyingine, alikuta kabati jingine na kikombe kingine, na keki ile ile aliyosifiwa mwezi uliopita ingeweza kumtia lawamani mwezi huu. Aliyebaki salama ni yule aliyetegemea mkono na jicho lake, akaongeza unga mpaka ulipofika mahali alipopajua.

Lakini hata vikombe vyote vikilingana, unga wenyewe haulingani na nafsi yake. Fungua pakiti mpya ya unga wa ngano, ambao umeshindiliwa na safari na kulaliwa na pakiti nyingine juu yake, kisha zamisha ndani yake kikombe cha mililita 250, ukiinue na kukifuta kwa kisu: utapata gramu 150 hadi 160. Sasa umimine unga huo katika bakuli, uuvuruge kwa uma, uuchote kwa kijiko na kuutia kikombeni pole pole bila kuushindilia, kisha ufute juu kama mara ya kwanza: utapata gramu 125 hadi 130. Chombo ni kile kile, unga ni ule ule, na vyote viwili ni mfuto. Kilichobadilika ni hewa tu, na hewa hiyo imechukua gramu 30, ambazo ni karibu robo ya unga.

Tulitazame jambo hili katika chapati, chakula ambacho karamu ya Nairobi haikamiliki bila yake. Mapishi yanasema vikombe 4 vya unga na mililita 300 za maji ya moto. Mpishi wa kwanza, aliyechota kwa kijiko, ana gramu 500 za unga, na maji yake ni sehemu 60 kwa kila sehemu 100 za unga. Donge lake litakuwa laini, litasukumika bila kurudi nyuma, na chapati zake zitakunjika hata kesho yake. Mpishi wa pili, aliyezamisha kikombe ndani ya pakiti, ana gramu 620, na maji yake yameshuka hadi sehemu 48 kwa 100. Donge lake litamshinda mikono, na chapati zitakauka zikapasuka kingoni. Wote wawili walitii mapishi neno kwa neno. Mpishi mzoefu, bila shaka, ataongeza maji mara atakapousikia ugumu huo vidoleni. Lakini chumvi na mafuta yake yamekwisha kupimwa kwa unga mchache, na kadhalika idadi ya chapati haitakuwa ile aliyoikusudia. Ama anayeanza kujifunza, yeye hujilaumu mwenyewe, ilhali mkosa ni kikombe.

Dawa yake ni mizani, na mizani ndogo ya jikoni ya betri si kitu cha anasa tena. Lakini hata asiyekuwa nayo ana mizani nyumbani asiyoitambua, nayo ni pakiti iliyofungwa. Kinu kimekwisha kuupima unga huo kwa ajili yake na kuchapa kilo 2 ubavuni; kilichobaki ni kuhesabu. Kwanza jua kikombe chako: chukua pakiti ya maziwa ya mililita 500, baada ya kuisoma vizuri kwa kuwa si pakiti zote zilizo nusu lita, na uimimine, ikijaza kikombe mara mbili barabara, kikombe ni cha 250. Kisha, siku utakayofungua unga wa kilo 2, uhamishe wote katika chombo chake cha kuhifadhia kwa kikombe hicho, ukijaza kwa namna utakayoitumia siku zote, na uhesabu. Ukipata vikombe 16, gawa gramu 2,000 kwa 16, na kikombe chako cha unga ni gramu 125. Ukipata 13, ni 154, na hapo umejua kuwa mkono wako hushindilia. Pakiti ya kilo 2 ya sukari ikitoa vikombe 9 na nusu, kikombe cha sukari ni gramu 210. Kilo 2 za mchele zikitoa vikombe 10, kikombe ni gramu 200. Kwa juma moja la kufungua pakiti mpya, bila ya kununua chochote, nyumba huwa na jedwali lake la halali.

Kwa kulinganisha, hizi hapa ni kadiri ambazo mtu atazikaribia kwa kikombe cha mililita 250 kilichojazwa kwa mfuto:

Maji: gramu 250
Maziwa: gramu 257
Mafuta ya kupikia ya maji: gramu 230
Siagi: gramu 240
Asali: gramu 355
Sukari nyeupe: gramu 210
Mchele mkavu: gramu 195 hadi 205
Ndengu: gramu 215
Maharagwe makavu: gramu 190 hadi 195
Unga wa mahindi uliokobolewa: karibu gramu 150
Unga wa ngano uliochotwa kwa kijiko: gramu 125 hadi 130
Nazi mbichi iliyokunwa: gramu 85

Mwenye mapishi ya Marekani azidishe kila tarakimu kwa 0.95, na atakuwa amekipata kikombe cha mililita 237. Atakayelitazama jedwali hili kwa makini ataona kwamba asali ina uzani unaozidi mara nne uzani wa nazi katika nafasi ile ile, na kwamba hapana tarakimu moja inayoweza kugeuza vikombe kuwa gramu kwa vyakula vyote. Kila chakula sharti kipewe tarakimu yake. Anayeuliza kikombe ni gramu ngapi, asitaje kikombe cha nini, hajauliza bado.

Vijiko vina hukumu nyingine. Kijiko cha chai cha mililita 5, kikiwa cha mfuto, hubeba gramu 6 za chumvi laini, gramu 4 za sukari, gramu 4 hadi 5 za baking powder, na gramu 3 hivi za hamira ya chenga. Kikiwa cha tele chaweza kubeba mara mbili ya kadiri hizo. Hapa mizani ya kawaida ya jikoni haina ushindi, kwani husoma kwa gramu moja moja, na kukosea gramu moja katika gramu 3 za hamira ni kukosea thuluthi. Kwa vitu vilivyo chini ya gramu 10, kijiko cha mfuto chaaminika kuliko mizani ya namna hiyo. Juu ya hapo, mizani ndiyo kadhi.

Na Nairobi ina sababu yake ya pekee ya kuwa na hadhari. Mji huu uko mita 1,795 hivi juu ya bahari, na maji yake huchemka kwa nyuzi 94 hivi badala ya 100 za Mombasa. Hewa ya juu ni nyepesi, kwa hiyo keki huinuka kwa pupa kabla ya unga kushikamana, kisha ikabonyea katikati. Mapishi mengi ya vitabuni yamejaribiwa mahali palipo chini kuliko hapa, na mpishi wa Nairobi hupaswa kupunguza kidogo baking powder, mathalani kutoka gramu 5 hadi gramu 4, na kuongeza maji kwa kiasi kidogo. Marekebisho hayo madogo hayana maana kwa mtu ambaye unga wake hucheza gramu 30 katika kila kikombe. Ni lazima aliweke sawa lililo kubwa ndipo lililo dogo lipate kuonekana.

Isidhaniwe, hata hivyo, kuwa mizani haidanganyiki. Uzani huhesabu kila kilichomo, na maji yakiwamo huhesabiwa pia. Mahindi yanayotakiwa kwa ghala hukaushwa mpaka unyevu wake usizidi sehemu 13 na nusu kwa 100, na mwenye kuuza kwa kilo mahindi ambayo hayajafikia hapo ameuza maji kwa bei ya nafaka. Katika jambo hilo gorogoro, ambayo haijali uzani, huenda ikamfaa mnunuzi zaidi. Tena pana vitu ambavyo kuvipima kwa gramu ni kujitaabisha: sukuma wiki huuzwa kwa fungu na kupikwa kwa fungu, mayai huhesabiwa, na dania hukatwa kwa kadiri ya mapenzi ya mlaji. Mizani ni mtumishi wa kazi maalumu, na kazi yake kubwa ni kubeba mapishi kutoka jiko moja hadi jingine bila kuyaharibu njiani.

Kazi ya namna hiyo imekwisha kufanywa kwetu kwa daraja ya taifa. Mwaka 2018 Serikali ya Kenya pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, walitoa majedwali ya virutubisho vya vyakula vya Kenya, na pamoja nayo kitabu cha mapishi ya vyakula vinavyopikwa nchini, ambapo viungo vimepewa uzani wake. Mapishi ambayo kwa miaka mingi yaliishi katika mikono ya mama na shangazi, kwa konzi na kwa kikombe, yalilazwa juu ya mizani yakaandikwa kwa gramu, kwa sababu haiwezekani kusema sahani ya githeri ina nguvu kiasi gani mpaka ijulikane imetiwa mahindi kiasi gani. Konzi haikudharauliwa kwa kufanywa hivyo; imepewa njia ya kufika mahali ambapo mwenye konzi hayupo.

Hukumu ya sura hii, basi, ni hii: ujazo ni kipimo cha walio pamoja, na uzani ni kipimo cha waliotengana. Ukinunua ndengu Kangemi, simama mbele ya gorogoro, papasa kitako chake, udai tele yako, wala usione haya kuomba konzi ya juu. Ukipika nyumbani kwa kikombe ulichokizoea miaka mingi, endelea nacho, maana mnajuana. Lakini pakiti ijayo ya unga utakayoifungua, ihesabu. Andika jawabu lake kwa kalamu ya wino upande wa ndani wa mlango wa kabati, uongeze sukari na mchele zamu yake ikifika. Na jirani akikuomba mapishi ya mahamri yako, mwandikie kwa gramu, kwa kuwa kikombe chako hutampa.